Sauti Niliyoifuata Hadi Kivukoni

Niliijua honi ya kivuko cha Magogoni miaka miwili kabla sijaiona bahari. Niliijua kwa masikio tu: inavyoanza kwa mkwaruzo kama mzee anayesafisha koo, inavyopanda, na inavyoyameza maneno ya msomaji palepale penye jambo la maana. Ikinyamaza, sauti ya kike ilirudi, haina haraka wala hasira: "Narudia jamani, kivuko kimenikatiza. Tulikuwa kwenye Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967." Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nyuma ya zahanati ya kijiji chetu, wilayani Namtumbo, mahali pekee ambapo mtandao hukamata bila kuyumba. Daftari lilikuwa gotini na simu sikioni, na kwa barabara bahari hiyo ilikuwa mbali nami zaidi ya kilomita 900.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipoamua kutafuta shahada nilikuwa na miaka 41, watoto watatu na darasa la tatu lenye wanafunzi wengi kuliko madawati. Kuacha vyote hivyo nikakae bwenini hakukuwezekana, hivyo nikachagua masomo ya masafa. Njia hii imepanuka tangu sheria ya mwaka 1992 ilipoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na leo vyuo kadhaa vina programu za namna hiyo. Changu ni kimojawapo. Sitakitaja, kwa sababu ninayoyasimulia nimeyasikia kwa wanafunzi wa vyuo vingi.

Chuo kilinipa namba ya usajili, nywila, na mfumo wa mtandaoni wenye moduli za kila somo. Moduli zilikuwa nzuri na nilizisoma usiku baada ya kusahihisha madaftari. Tabu ilianza nilipokwama. Mfumo hupokea kazi yako na siku moja hukuonyesha alama, lakini haukwambii kwa nini hujaelewa. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshaanza kuhesabu ada niliyolipa kama pesa iliyopotea. Ndipo namba nisiyoijua ikaniingiza kwenye grupu la WhatsApp.

Tulikuwa 43. Kulikuwa na mwalimu wa Kasulu, muuguzi wa Newala, askari mmoja ambaye hakuwahi kusema yuko kambi gani, kijana wa Pemba, na mama mmoja anayefanya kazi Muscat, aliyekuwa akiingia usiku sana bosi wake akishalala. Kiongozi wa darasa, yaani CR, alipanga ratiba: Jumanne na Alhamisi maswali, Jumamosi saa mbili usiku mjadala. Madesa, zile nukuu ambazo wanafunzi wa vyuo vyetu wamekuwa wakirithishana kwa kopi tangu zamani, sasa yalikuja kama picha. Mitihani iliyopita ilikuja vilevile. Na kila asubuhi ya siku ya kazi, kati ya saa moja na saa moja na nusu, uliingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mwenzetu wa Kigamboni. Alikuwa akivuka kwenda kazini, na akivuka alitusomea. Tulimwita Dada wa Kivuko.

Nisidanganye kwamba grupu lilikuwa mahali safi. Ratiba ya mtihani ya uongo ilituzunguka siku nzima, na mwenzetu mmoja alituma shilingi 80,000 kwa mtu aliyejifanya ofisa wa udahili. Muhula wa pili watu 11 tulinakili jibu moja, mimi nikiwemo, tukapata sifuri wote. Niliona haya mbele ya darasa langu kana kwamba wale watoto wangejua. Baadaye wengine walianza kuleta majibu yaliyoandikwa na akili mnemba, marefu, yamenyooka, na mwandishi wake akiulizwa swali moja ananyamaza. CR akaweka sheria ambayo bado naiona kuwa bora kuliko programu yoyote ya kukagua wizi wa maandishi: ukileta jibu, lieleze kwa mdomo wako mwenyewe. Watu walipungua. Tukabaki 19, na hao 19 ndio waliosoma.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za mkongo unaopita chini ya bahari zilikatika, intaneti ikayumba kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa kuwasilisha kazi yetu ya uzito wa alama 30. Kabla ya mwaka 2009, mkongo wa kwanza wa baharini ulipofika Dar es Salaam, nchi nzima ilikuwa ikining'inia kwenye setilaiti. Sasa niliona tulivyouzoea huo uzi na kusahau kwamba ni uzi. Nilikaa kwenye jiwe langu mpaka umande ukanilowesha, kiduara kikizunguka kwenye kioo cha simu. Dada wa Kivuko alitupigia mmoja mmoja kwa simu ya kawaida. "Andikeni kwa mkono, pigeni picha, mtandao ukirudi mtume. Msilie." Muda uliongezwa siku tatu baadaye. Nilijiuliza amepata wapi utulivu ule, naye pia kazi yake ilikuwa imekwama. Nikasema ni imani.

Likizo ya Juni ilipofika nilikuwa na sababu mbili za kwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza maishani. Ya kwanza ilikuwa kompyuta mpakato, kwa kuwa utafiti wa mwaka wa mwisho hauandikiki kwenye simu iliyopasuka kioo, na wenzangu walisisitiza kwamba Kariakoo nitapata kwa bei ninayoiweza. Ya pili ilikuwa wao wenyewe. Wale waliokuwa mjini waliahidi kukutana Jumamosi, Feri, pale kwenye kivuko cha Magogoni, saa nne asubuhi.

Basi liliondoka Songea saa kumi na moja alfajiri. Nakumbuka ukungu wa Lukumburu, chai ya Makambako, abiria walivyonyamaza kwenye kona za Kitonga, na twiga mmoja Mikumi aliyetutazama kama anayehesabu magari. Usiku tukaingia stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikalala kwa binamu yangu. Asubuhi nikashika daladala hadi Kimara na kutoka hapo mwendokasi.

Ndani ya mwendokasi, wima, nimebanwa kati ya vijana wawili wenye vitambulisho vya chuo shingoni, niliona jambo ambalo kwetu sikuwahi kuliona kwa wingi huo: karibu kila mkono ulioshika bomba juu ulikuwa na mwenzake ulioshika simu chini. Nilikuwa tayari kuwalaumu. Kisha nikaona simu ya jirani yangu. Alikuwa anakuza picha ya ukurasa wa daftari la mtu mwingine, mchoro wa saketi, akiufuata kwa kidole gumba. Alishuka kituo cha DIT. Chuo kile kilianza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi, na nimefikiri baadaye kwamba fundi wa wakati ule alilazimika kuwa ndani ya karakana ili auone mchoro. Huyu aliusomea njiani, kati ya Magomeni na Fire.

Mwisho wa safari, Kivukoni, nikashuka. Harufu ilitangulia: chumvi, mafuta ya taa, samaki waliokaangwa. Kisha honi.

Nilisimama. Watu walinipita kulia na kushoto, mmoja akaniambia, "Mama, utagongwa." Nilifumba macho, na kila kitu kikajipanga mahali pake. Ule mshindo wa chuma niliodhani ni mlango wa gereji ulikuwa mlango wa kivuko ukishushwa juu ya zege. Zile kelele za tarakimu zinazopanda, elfu thelathini, thelathini na mbili, thelathini na tano, zilikuwa mnada wa samaki sokoni. Yule mtoto niliyekuwa namsikia kila asubuhi akiita "maji baridi" alikuwa mwanamume mzima mwenye ndoo. Nilikuwa nimeishi mahali hapa kwa miaka miwili nusu saa nusu saa, na sasa niliingia kwa miguu.

Hatukutambuana kwa sura. Picha zetu za WhatsApp zilikuwa maua, watoto, nembo za Simba na Yanga. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Bado Mwalimu wa Namtumbo," nikageuka, maana sauti ile ilikuwa imenieleza nadharia za ujifunzaji mara tatu bila kuchoka. Alikuwa CR. Kwenye grupu tulimwita Kaka Mkubwa na nilikuwa nikimwamkia shikamoo. Mbele yangu alisimama kijana wa miaka 24, mwembamba, ameinamisha kichwa: "Shikamoo, dada." Nikaitikia marahaba, na machozi yakanilengalenga bila sababu ninayoweza kuieleza vizuri.

Kivuko kilitema watu, pikipiki na matenga, na katikati yao akaja yeye, Dada wa Kivuko. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, amefunga kilemba cha kijani na kubeba mfuko wa karatasi za A4. Hakusema neno, akanikumbatia, na alipoanza kuongea nikasikia ile sauti bila upepo wa simu kwa mara ya kwanza. Nilimwita mdogo wangu, na tangu siku hiyo ndivyo ninavyomwita.

Tulikuwa sita. Tukafuata barabara ya Kivukoni, bahari upande mmoja na paa la vigae la kanisa la Azania Front mbele yetu, tukakata kuelekea Mtaa wa Shaaban Robert. Hapo kipo Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa mwaka 1972, na karibu na vyuo kama hicho lazima pawe na steshenari. Katika mojawapo mdogo wangu ndiye anayetoa kopi, anaprinti, anafunga tasnifu kwa jalada gumu. Alinionyesha mashine iliyopiga picha kila desa nililosoma. Ilikuwa kuukuu na kifuniko chake kimeshikiliwa na raba. "Hii ndiyo maktaba yako, mwalimu," akasema. Niliigusa. Jumamosi nyingine, akiwa na nafasi, alikwenda Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, akasoma na kunukuu kwa mkono, kisha akatusimulia. Tulipita hapo pia. Nilikaa dakika kumi kwenye kiti cha maktaba hiyo ili nami niwe nimekaa.

Kutoka hapo hadi Mnazi Mmoja si mbali. Katika Mtaa wa Lumumba, Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU, ndipo chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilipoanza na wanafunzi wachache wa sheria, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka huohuo 1961, ng'ambo ya maji tuliyoyaacha nyuma, kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni kwa ajili ya watu wazima ambao shule iliwapita. Leo kinaitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Nchi iliyokuwa ikipata uhuru Desemba ilikuwa tayari ina mlango wa kijana mwenye vyeti na mlango wa mtu mzima mwenye kiu tu. Mimi ni mtoto wa mlango wa pili.

Na mlango huo wa pili ulinikumbusha bibi yangu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Bibi alikuwa mmoja wao, na alinisimulia mara nyingi jinsi redio moja ilivyowekwa juu ya kinu kilichogeuzwa chini ya mwembe, wote wakaizunguka. Lakini katika masimulizi yake redio haikuwa mhusika mkuu. Mhusika mkuu alikuwa kiongozi wa kikundi, kijana aliyekuwa amefundishwa kazi hiyo, ana kitabu, anazima redio na kuuliza, "Nani hajaelewa?" Viongozi wa namna hiyo walioandaliwa walikuwa takriban 75,000. Niliwasimulia wenzangu haya tukiwa tumesimama juani. CR akasema taratibu, "Kumbe walianza na watu."

Kariakoo ilitupokea kwa mikono ya mawinga, wale vijana wanaokushika njiani na kukupeleka dukani kwa kamisheni. "Dada karibu, laptop, simu, kava, chaja!" Aliyetuchukua alikuwa mpole kuliko wenzake. Alipoona naogopa kudanganywa, aliiwasha mashine mbele yangu, akapima betri, akanionyesha kwamba imetumika Ulaya kabla ya kufika hapa, akasema kasoro zake kabla sijauliza. Aliniuliza nasoma nini. Nikamwambia ualimu. "Na mimi," akasema. Alihitimu mwaka 2019, ameomba ajira kila zilipotangazwa. Sasa anaweka picha za bidhaa kwenye WhatsApp kila asubuhi, na wateja wake wa kwanza walikuwa watu wa grupu la darasa lake la chuo, ambalo halikuvunjwa baada ya mahafali. Alinifundisha kuhifadhi kazi yangu bila intaneti na kuituma mtandao ukirudi. Alieleza mara moja nikaelewa. Huyu ni mwalimu, nami namwandika hivyo. Niliondoka na kompyuta kwa shilingi 430,000 pamoja na risiti.

Jioni tukarudi Feri. Wengine walitawanyika, mimi nikavuka na mdogo wangu, nilale kwake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza juu ya maji ya bahari. Nauli ilikuwa shilingi 200, na nisingeibadili safari ile kwa ndege. Nikamwomba anisomee kama kila siku, akacheka, akasoma aya mbili, honi ikalia, akasema "Narudia." Nikamuuliza mwaka huu amechagua somo gani la hiari.

Alinyamaza mpaka tukafika katikati.

"Mwalimu, mimi sijasajiliwa tangu Novemba. Ada ilinishinda. Jina langu halimo kwenye mfumo."

Miezi saba. Zile asubuhi zote, yale majibu, ile Jumapili ya mkongo kukatika, alipokuwa mtulivu kwa sababu hakuwa na kazi yake mwenyewe ya kutuma. Nilimuuliza kwa nini hakusema. "Ningesema mngenionea huruma, mngeacha kuniuliza maswali. Na maswali yenu ndiyo yanayonifanya nijione bado mwanafunzi."

Mlango wa chuma ukashuka juu ya zege la Kigamboni. Watu wakaanza kutembea.

Kwa ruhusa yake, aliyoitoa baada ya kubishana nami usiku mzima, nilimwambia CR. Michango ikaanza kuingia kwa simu: Kasulu, Newala, Pemba, Muscat. Hadi naondoka Jumanne zilikuwa zimefika shilingi 265,000. Hazitoshi ada ya mwaka. Zinatosha kumrudisha kwa masomo mawili, naye amejaza fomu.

Nimerudi Namtumbo na mashine yangu, nami nina jambo la kuwaambia wanaoviongoza vyuo vyetu. Mmetumia fedha nyingi kununua mifumo, na mifumo inahitajika, siipingi. Lakini mwaka 1973 taifa maskini kuliko sasa lilitafuta kwanza mtu wa kuongoza kila kikundi, likamfundisha, likamjua kwa jina. Leo katika kila grupu la wanafunzi wa masafa yupo mtu anayebeba wenzake, hana mafunzo, hana bando la bure, hana punguzo la ada, na chuo hakimjui. Mwenzetu aliyetufundisha zaidi ya wote hakuwa hata kwenye orodha. Watafuteni watu hao. Kuwauliza wanafunzi kunatosha. Watawatajia bila kusita.

Na wewe mhadhiri mwenye wanafunzi wa mbali, waombe wakuingize kwenye grupu lao. Huhitaji kukaa humo siku nzima. Sisi hukutana Jumamosi, saa mbili usiku.